Wagiriki wa Oakleigh wana kumbi zao, sisi bado tunakodi (uzi mrefu)

#1 Mgosi wa Oakleigh

Wakuu, habari za masiku.

Jana nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Badala ya kwenda kulala nikapitia Eaton Mall, pale Oakleigh, nikaagiza kahawa, nikakaa mpaka saa nne nikitazama watu. Huu ni mwaka wangu wa nane kusini-mashariki mwa Melbourne. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wengi wa wazee ninaowahudumia ni Wagiriki. Kuna jambo juu yao, na juu yetu sisi Waswahili wa huku, limenikaa kifuani siku nyingi. Leo nalitoa. Ni refu, mwenye haraka asome jioni.

Nianze na hiyo Eaton Mall kwa wasiopajua. Ni kipande kifupi cha mtaa kisichopitisha magari, hatua chache kutoka kituo cha treni. Meza za mikahawa zimetoka nje mpaka katikati ya njia. Asubuhi wanakaa wazee wa kiume, masweta mazito, tasbihi vidoleni. Wao wanaiita komboloi, si ya kusalia, ni ya kutuliza mkono tu. Kahawa moja inakaa mbele ya mtu saa mbili nzima na hakuna mhudumu wa kumkodolea macho ili aondoke. Mtu wa Tanga akiwaona hahitaji kuelezwa: hiyo ni baraza. Siasa za Athens, bei za nyumba, nani kalazwa, nani kazikwa. Jioni wazee wanaondoka, wajukuu wanaingia, na Ijumaa usiku hupati kiti. Kuna maduka ya keki za asali, kuna bucha, na si mbali lipo kanisa lao na shule yao.

Miaka miwili ya kwanza nilidhani mtaa wa Wagiriki ndio hiyo mikahawa na bendera za buluu na nyeupe. Nilikuja kuujua vizuri kupitia msiba.

Mzee wangu mmoja alifariki. Nilikuwa nimemhudumia miaka mitatu, kumwogesha, kumlisha, kumsikiliza. Familia ikaniomba nifike kwenye arobaini yake. Ndiyo, arobaini. Wagiriki wa Orthodoksi nao humfanyia marehemu ibada ya kumbukumbu ikitimia siku ya arobaini, kama sisi tunavyosoma hitima. Kanisani ikaletwa ngano iliyochemshwa, imechanganywa na zabibu kavu, lozi na mbegu za komamanga, juu imefunikwa sukari laini. Wanaiita koliva. Kila mtu akapewa kidogo kwenye kimfuko. Kisha tukaenda ukumbini kula.

Nikamuuliza binti wa marehemu ukumbi wamekodi kwa bei gani. Akanitazama kama hakulielewa swali. Akasema, "Hatujakodi. Ni wetu."

Wetu, maana yake chama cha watu wa kisiwa alichozaliwa baba yake. Mzee alianza kulipa ada mwaka uleule aliposhuka melini, akiwa kijana wa kiwandani asiyejua Kiingereza. Ukutani zilikuwepo picha za wenyeviti wote waliopita, na fremu yenye orodha ya waliochangia kununua jengo. Michango imeandikwa kwa pauni, maana dola ya Australia ilianza kutumika 1966. Huyu pauni tano, huyu mbili, mjane mmoja nusu pauni. Nilisimama mbele ya ile orodha mpaka chakula changu kikapoa.

Wakuu, hawa watu hawakuja na fedha. Wa kwanza walianza kidogo kidogo: Jumuiya ya Wagiriki wa Melbourne ilianzishwa 1897, na miaka michache baadaye wakajenga kanisa la Evangelismos, East Melbourne. Watu wa kisiwa cha Ithaca wana chama chao hapa tangu 1916. Wimbi kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoikausha Ugiriki mpaka 1949. Australia ilitaka mikono ya viwandani. Mwaka 1952 serikali hizo mbili zikawekeana mkataba wa kuwasaidia wahamiaji nauli, meli zikawa zinashusha watu Station Pier, Port Melbourne. Mwanzoni wengi walikuwa wanaume. Mwaka 1957 meli iitwayo Begoña ilileta mamia ya wasichana kwa mpigo, wengi wakija kuolewa na wanaume waliowajua kwa picha. Kazini kwetu yupo bibi aliyekuja kwa mtindo huohuo. Kila wiki ananionyesha ile picha kana kwamba sijawahi kuiona, nami kila wiki naipokea kwa mikono miwili kana kwamba sijawahi kuiona.

Walijazana Richmond, Fitzroy, Brunswick, Prahran, familia mbili au tatu nyumba moja, huyu akitoka zamu yule anaingia kitandani. Wakanunua, wakauza, wakahamia nje zaidi, Oakleigh, Doncaster, Thornbury. Kule Richmond, Victoria Street ikajaa Wavietinamu na mikahawa yao. Hesabu ya watu ya 2021 ilikuta zaidi ya watu 420,000 Australia nzima wanaojitaja kuwa na asili ya Kigiriki, na karibu 230,000 wanaosema Kigiriki nyumbani. Kwa hiyo ndani ya umri wa mtu mmoja mtaa umehama, na watoto wametawanyika pande zote za jiji. Lakini ukumbi haukuhama. Jumapili, arobaini, harusi, sikukuu yao ya uhuru tarehe 25 Machi, wanarudi palepale. Jumuiya yenyewe ina jengo refu katikati ya jiji, kona ya Lonsdale na Russell, lililofunguliwa 2014, na watoto wanasoma Kigiriki humo.

Sasa sisi. Kila msiba tunakodi. Kila harusi tunakodi. Darasa la Kiswahili la watoto lilianza kwenye chumba cha kukodi Jumamosi, mwenye chumba akakihitaji, darasa likafa na halijafufuka. Mwaka jana mwenzetu alifariki ghafla, kumbi zote zilikuwa zimeshachukuliwa, tukakaa matanga kwenye gereji ya mtu, kina mama wamejibana ndani, wanaume nje kwenye baridi ya mwezi wa saba. Tuna chama cha kufa na kuzikana, na kinasaidia kweli, mwili unafika nyumbani. Lakini tulio hai hatuna pa kukaa.

Jambo moja zaidi nisije nikalisahau. Wazee wengi wakishapata ugonjwa wa kusahau, Kiingereza ndicho kinachotangulia kuondoka. Mtu amesema Kiingereza miaka hamsini, siku moja kimeisha, kimebaki Kigiriki cha utotoni. Mimi Kigiriki changu ni cha kuokoteza, lakini Kiswahili kimenisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Bibi alikuwa akitaka "briki", wauguzi wote wanahangaika, mimi nikasikia birika. Kweli ni kale kabirika kadogo ka kuchemshia kahawa. Kikombe wanaita "flitzani", nami nikasikia finjani. Sanduku la nguo ni "sentouki". Sabuni ni "sapouni". Sisi tumeyachukua kwa Waarabu, wao mengi yamewafikia kupitia Waturuki, tukaja kukutania kwenye nyumba ya wazee huku mwisho wa dunia. Nikimwambia "bibi, sabuni" anatulia, anajua nimemwelewa.

Neno jingine nalijua vizuri kuliko nipendavyo: "pame spiti". Twende nyumbani. Wanalisema saa kumi na moja jioni jua likishuka, karibu kila siku.

Walioko Astoria, Chicago, Toronto na kwingine, mnaona nini huko kwenu? Nataka kujua kama ninayoyaona ni ya Melbourne tu.


#2 Shangazi wa Ditmars

Mgosi mwanangu, Mungu akuweke. Hiyo habari ya bibi na picha imenifikisha mbali.

Mimi ni wa Mombasa, nimekaa Astoria, Queens, tangu mwaka 1998. Treni ya N mpaka kituo cha mwisho, Ditmars Boulevard, ndipo kwangu. Nilipofika, mwenye nyumba wangu alikuwa Mgiriki, akikaa chini na mkewe, mwanawe wa kati, mimi juu. Karibu mtaa mzima ulikuwa hivyo: nyumba ya matofali ya familia mbili tatu, mwenyewe anaishi humohumo na kodi ya wapangaji inalipa mkopo wa benki. Mzee alikuwa na mzabibu uani na mtini aliokuwa akiufunga magunia wakati wa baridi kama anamvisha mtoto koti.

Hawa wa kwetu walichelewa kuja kwa sababu ya sheria. Mwaka 1924 Marekani ilifunga mlango, Ugiriki ikapewa nafasi 100 tu kwa mwaka. Mia moja, kwa nchi nzima! Mlango ulifunguliwa 1965, ndipo Astoria ilipojaa. Walipata kazi kwenye migahawa ya Wagiriki wenzao waliotangulia, wakaosha vyombo, wakapika, wakanunua mgahawa wao. New York ilikuwa na kikombe cha karatasi cha kahawa cha buluu na nyeupe, kimechorwa mitungi ya kale ya Kigiriki. Kilibuniwa 1963 na mtu wa kampuni ya vikombe ambaye hata Mgiriki hakuwa. Alikuwa Myahudi wa Czechoslovakia aliyenusurika kwenye kambi za Wanazi. Alikichora vile ili kiwapendeze wenye migahawa, maana migahawa mingi ilikuwa ya Wagiriki. Jiji zima likanywea kahawa humo bila kufikiri kimetoka wapi.

Leo wamepungua. Mwenye nyumba wangu alifariki, mwanawe akauza, akaenda Whitestone. Mtini umekatwa. Steinway Street wamekaa Wamisri na Wamoroko, na kwa kweli mimi ndiko ninakonunua nyama yangu ya halali, siwezi kulalamika. Lakini njoo Ijumaa Kuu yao usiku uone. Kanisa la Mtakatifu Demetrios wanatoa lile jeneza la maua, epitafio, wanazunguka nalo mitaani, kila mtu na mshumaa, polisi wamezuia magari. Wanatoka Long Island, wanatoka New Jersey. Nami hutoka nikasimama kwenye ngazi zangu kwa heshima. Ukiwatazama usoni utajua nani alizaliwa hapa: anainua macho kutafuta dirisha lake.


#3 Riruta hadi Pape

Wadau, mimi ni Mkenya, na ni Mwothodoksi wa kuzaliwa. Wengi hushangaa, lakini kule Riruta, Nairobi, tuko na seminari yetu miaka mingi, na kule Uganda na Bukoba ndugu zetu wako pia, sote chini ya Patriaki wa Aleksandria. Kwa hivyo nilipofika Toronto, Jumapili ya kwanza nilienda tu kanisa la Wagiriki. Kigiriki sikijui, lakini ibada naijua kwa moyo, najua ni wapi nainamisha kichwa.

Mtaa wao hapa ni Danforth Avenue, kati ya vituo vya Chester na Pape. Vibao vya mitaa vimeandikwa pia kwa herufi za Kigiriki. Tangu 1994 kuna tamasha kubwa la chakula mwezi wa nane, barabara hufungwa. Wagiriki wengi wenyewe wamehamia Scarborough na Markham, sawa na vile Shangazi amesema.

Lakini nataka niongeze kitu ambacho watu hawakijui. Watu huona Mgiriki leo akiwa na mgahawa mkubwa, wakadhani alipokelewa kwa maua. Mwezi wa nane 1918, hapahapa Toronto, umati wa maelfu ya watu, wanajeshi waliorudi vitani wakiwa mbele, walivunja migahawa ya Wagiriki siku kadhaa mfululizo. Kulikuwa na ugomvi na mwanajeshi mmoja mlevi kwenye mgahawa wa Yonge Street. Juu ya hayo kulikuwa na chuki iliyokuwa ikichemka kwamba Wagiriki wanauza chakula huku wenzao wanakufa vitani. Wakati huo Ugiriki ilikuwa imeshaingia vitani upande wa Uingereza mwaka mzima. Haikusaidia. Na kabla ya hapo, Februari 1909, South Omaha, Marekani, mtaa wa Wagiriki ulichomwa na watu wakafukuzwa mjini.

Ninataja haya kwa sababu kuna mwenzetu aliniambia sisi Waafrika hatuwezi kujilinganisha na hao, wao ni wazungu. Leo ndiyo. Wakati ule waliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Pasaka usiku wa manane padri hutangaza "Christos Anesti", halafu hurudia kwa Kiingereza, Kiarabu, Kirusi. Mwaka wa tatu wangu hapo alinitafuta kwa macho kule nyuma, akasema kwa sauti yote, "Kristo amefufuka!" Nilikuwa peke yangu wa kujibu. Nikajibu hivyo peke yangu, "Hakika amefufuka!" Mwaka uliofuata akina mama wawili wazee wa Kigiriki walikuwa wameshajifunza, wakajibu na mimi.


#4 Bila Chenga (Chicago)

Mgosi, andiko lako zuri na limenigusa. Lakini niruhusu nipingane nawe, kwa sababu naona unaturahisishia jambo.

Kwanza, hao walikuja na mkataba wa serikali, kiwanda kinawasubiri, na nyumba za Richmond wakati ule mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuzinunua. Wewe leo nionyeshe nyumba Melbourne ambayo mlezi wa wazee ataimudu. Pili, wana dini moja na lugha moja. Sisi ukisema "Waswahili" una Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, Waislamu na Wakristo. Ukumbi huo siku ya harusi utapikwa nini na kunywewa nini? Hilo tu litavunja kikao cha kwanza.

Tatu, kumiliki nako si kinga. Nakaa Chicago. Greektown ninayoijua ni ya Halsted Street, nguzo za mapambo na mikahawa. Lakini mtaa wao hasa ulikuwa kusini kidogo, wakiuita Delta, una kanisa, shule, maduka ya kahawa. Kwanza ikapita barabara kuu ya magari, halafu miaka ya 1960 serikali ikachukua eneo kujenga chuo kikuu. Watu walikuwa na maduka yao na hati zao, wakabomolewa. Waliobaki ndio wakasogea hapo Halsted. Na hata hapo, mgahawa uliokuwa maarufu kuliko yote, Parthenon, ulifunguliwa 1968 ukafungwa 2016. Mtaa sasa unaendewa na watalii kuliko Wagiriki.

Nne, na hili linauma: wajukuu wao hawasemi lugha. Hizo hesabu zako mwenyewe zinaonyesha. Watu 420,000, wanaosema nyumbani 230,000. Kumbi zote hizo, shule zote hizo, na bado lugha inamwagika.


#5 Mgosi wa Oakleigh

Bila Chenga, nashukuru, hoja zako nimezilalia usiku mbili. Nikujibu kwa nilivyoona.

Kuhusu umoja wao: ndugu yangu, hawa waligombana mno. Wale wa mrengo wa kushoto na wa kulia walibeba vita vyao vya nyumbani mpaka ndani ya mabaraza ya kahawa ya huku. Jumuiya na Askofu Mkuu walifarakana miaka mingi juu ya nani mwenye mali za kanisa, mpaka familia nyingine hazikusali pamoja. Ndiyo maana hakuna ukumbi mmoja wa Wagiriki Melbourne. Kuna wa Krete, wa Ithaca, wa Kastellorizo, wa Ponto, wa Messinia. Hawakusubiri kupatana. Kila kikundi kilichoweza kuaminiana kilinunua chake, hata kama ni watu wa vijiji vitatu. Sijasema Waswahili wote tujenge nyumba moja. Watu wa Tanga tukinunua kijumba, Wakongo wakawa na chao, tutaalikana.

Chukua mpira, maana hapo kila mtu ananielewa. South Melbourne Hellas iliundwa 1959. Wagiriki wa upande wa Makedonia walikuwa wameshaanza yao mwaka mmoja nyuma, ikiitwa Alexander, leo Heidelberg United. Ubishi wao ni Simba na Yanga kabisa. Uwanja wa Hellas ulikuwa Middle Park. Wazee wangu wananisimulia: Jumapili kanisani, kisha uwanjani, moshi wa nyama unakukuta mtaa wa pili. Ange Postecoglou, huyu aliyewapa Tottenham kombe la Europa League 2025, aliletwa na meli akiwa na miaka mitano, akalelewa Prahran, akacheza Hellas, akawa nahodha. Kocha wake alikuwa Ferenc Puskás, yule Puskás wa Real Madrid, na pamoja wakachukua ubingwa wa Australia 1991. Baadaye Ange akawa kocha wa klabu hiyohiyo, na Januari 2000 akaipeleka Brazili kwenye kombe la dunia la vilabu, wakacheza na Manchester United pale Maracanã. Wakafungwa mbili bila. Klabu ya mafundi na wenye maduka ya samaki, mzee!

Na ujue mkasa wake. Chama cha mpira kikaona majina ya kabila yanachafua mchezo, vilabu vikaamriwa kuyaondoa. Middle Park ikabomolewa kupisha mashindano ya magari. Ligi ikavunjwa 2004, ilipoundwa mpya Hellas haikuwemo. Kwa hiyo hoja yako ya Chicago nakubali, mwenye nguvu akitaka atakuchukulia. Lakini klabu ipo mpaka leo, inacheza ligi ya jimbo, kwa sababu ilikuwa na wanachama kabla ya kuwa na uwanja.

Lugha, hapo umenishinda na sitabishana. Naona kwa macho yangu, mjukuu amekaa kando ya bibi yake, wanatabasamu tu, maneno yamekwisha. Ila hao 230,000 ni miaka sabini baada ya ule mkataba wa meli. Mwanangu ana miaka tisa, kazaliwa Muheza, na tayari ananijibu kwa Kiingereza. Sisi hatujamaliza hata miaka kumi.


#6 Kijana wa Ngarenaro

Wakuu, mmezunguka dunia nzima mkasahau nyumbani. Wagiriki si wageni kwetu hata kidogo. Arusha walikuwa na mashamba ya kahawa, wakawa na klabu yao na shule yao. Ile shule ya St Constantine's ilianza kama shule ya watoto wa Kigiriki. Dar, pale Mnazi Mmoja, Ukumbi wa Arnautoglo umeitwa kwa jina la Mgiriki tajiri wa mkonge, George Arnautoglu, aliyetoa fedha za kuujenga. Wazee wetu wa siasa walikutana humo miaka ya 1950. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, mashamba mengi yakataifishwa na Wagiriki wengi wakaondoka.

Mgosi, wewe ni mtu wa Tanga. Tanga na mkonge na Wagiriki, hili hujaligusa. Kwa nini?


#7 Mwana Katanga

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Huku Wagiriki bako tangu wakati ya Wabelgiji. Wengi walianzia Kasenga, kwenye mto Luapula, walikuwa wanavua na kununua samaki, wanaileta kwa barafu mpaka mjini kulisha wafanyakazi ya migodi. Babu yangu aliendesha camion ya Mgiriki moja, alijua kuhesabu samaki kwa Kigiriki. Kanisa yao iko, masomo yao iko, ila watoto wengi wa Kigiriki wa hapa wanaongea Kiswahili kutupita. Kuna wengine walirudia Ugiriki baada ya machafuko, na baba yangu alikuwa anasema kule Athens wanatafutana Wagiriki wa Kongo, wanakaa pamoja, wanakula bukari, ile ugali ya kwetu. Sasa hao ni Wagiriki ao ni bantu ya kwetu? Mimi nasema ni ya kwetu.


#8 Mgosi wa Oakleigh

Mwana Katanga, asante sana. Hilo la bukari Athens nitawasimulia kazini.

Kijana wa Ngarenaro, umeuliza kwa nini sikugusa. Nilikuwa nalikwepa. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Alitolewa kwao bara, akaletwa Tanga kukata mkonge kwenye shamba lililokuwa la Mgiriki. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka anakufa, na nyumba ya kambi aliyokaa nimeiona, chumba kimoja cha watu sita. Ukumbi wa Arnautoglo ni kitu kizuri, nami sikatai, lakini fedha ile ilipita kwenye mikono ya watu kama babu. Hili nalo ni historia ya Wagiriki ughaibuni: Melbourne walikuwa chini, kwetu walikuwa juu. Watu walewale, visiwa vilevile.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopewa mzee wa Kigiriki nimwogeshe, nitasema ukweli, nilimkumbuka babu, na sikumkumbuka kwa wema. Kisha nikaona viganja vyake. Miaka thelathini kwenye mashine za kiwandani, kidole kimoja hakipo. Tuliangaliana mikono mimi na yeye. Huyo ndiye mzee niliyekwenda arobaini yake.

Nirudi kwenye nia ya uzi. Nimezungumza na yule binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye mhazini wa chama chao. Nilimwomba anieleze walivyoanza. Kanionyesha daftari la kwanza. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na tisa na ada ya shilingi kwa juma. Walikaa miaka kumi na moja wakikusanya kabla hawajanunua chochote, na miaka yote hiyo walikutania jikoni kwa mmoja wao. Walikuwa na sharti moja alilolisisitiza sana: fedha ya misiba na fedha ya jengo havichanganywi hata siku moja, hata awe amefariki nani. Aliyekuwa mwenyekiti aliwahi kulia mbele ya kikao akiomba wakope upande mmoja kulipia msiba wa ndugu yake, wakamkatalia, wakachanga upya usiku uleule mifukoni mwao.

Bila Chenga, swali lako la harusi, nani anapika na nani anakunywa, nimelichukua kwa uzito. Nadhani liwe la kwanza kuandikwa, kabla ya ada.

Walioko Melbourne: Jumapili ijayo nina nafasi. Nitakuwa Eaton Mall saa nane mchana, meza za mwisho upande wa kituo cha treni. Mhazini amekubali kupita nusu saa na lile daftari lao. Mimi nimeshanunua letu, la kurasa mia mbili, jina la kwanza limeandikwa.